Chai yenye vionjo: ichague kwa ulimi, usiifanye dawa

Mzee mmoja alifika katika kliniki yangu katikati ya jiji Jumatatu asubuhi. Nilipompima presha nilipata 182 kwa 110. Nilimwacha apumzike dakika 10, nikarudia. Ikawa 178 kwa 108.

"Mzee, vidonge unameza?" nikamuuliza.

"Daktari, hivyo niliviacha tangu mwezi uliopita. Siku hizi natumia hii."

Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa pakiti ya chai ya kijani yenye ladha ya limau. Juu ya pakiti palikuwa na picha ya jani, limau lililokatwa na moyo mwekundu. Kijana wake alikuwa amemnunulia katika supamaketi moja ya Westlands, na mzee alikuwa akinywa vikombe vitatu kila siku bila kukosa. Aliniambia kwamba pakiti mbili kwa mwezi zilimgharimu zaidi ya vile vidonge alivyoviacha.

Sikucheka, wala sikumkemea. Mzee huyu alikuwa ameamua kujitunza, na alikuwa akitimiza masharti yake vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliamini picha ya moyo kwenye karatasi.

Huenda nawe, msomaji, una pakiti kama hiyo jikoni. Pita katika rafu za supamaketi za mitaa ya magharibi au za hapa mjini, utakuta chai ya rangi yenye tangawizi, yenye iliki na mdalasini, yenye vanila, na ile yenye harufu ya bergamoti ambayo Waingereza huiita Earl Grey. Kando yake utaona chai ya kijani yenye limau, mnanaa, asali, yasmini na mengine mengi. Kila moja inakuahidi jambo: utulivu, wembamba, moyo wenye afya, tumbo lililo safi.

Nimeulizwa maswali mengi kuhusu chai hizi hadi nikaona afadhali nizionje mwenyewe kabla ya kumshauri mtu. Yafuatayo ndiyo niliyoyaona, na maoni yangu kama daktari.

MTI NI ULE ULE

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi wanadhani chai ya kijani inatokana na mti mwingine, labda wa Uchina, ulio bora kuliko huu wetu. Sivyo. Chai ya rangi na ya kijani zote hutoka kwenye mmea mmoja, ule ule uliopandwa Limuru mwaka 1903 na ambao leo umefunika vilima vya Kericho, Nandi, Murang'a na Kisii.

Tofauti iko kiwandani. Majani ya chai ya rangi hunyaushwa, hupondwa na kukatwakatwa kwa mashine, kisha huachwa yapigwe na hewa hadi yageuke rangi ya kahawia. Hapo ndipo hupata ule ukali na wekundu tunaoujua. Majani ya chai ya kijani hupashwa moto mapema, kwa mvuke au kwa kukaangwa, ili yasigeuke. Ndiyo maana hubaki na rangi yake na harufu ya majani mabichi.

Zote mbili zina kafeini, zote zina tanini, ile inayokausha ulimi. Kwa kawaida kikombe cha chai ya rangi huwa na kafeini nyingi kidogo kuliko cha kijani, lakini hutegemea majani uliyotia na muda uliyoyaacha ndani ya maji. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ya kijani haiondoi usingizi.

VIKOMBE SITA MEZANI

Jumamosi moja alasiri nyumbani kwangu Mountain View, niliwakusanya waonjaji wanne: mume wangu, binti yetu wa miaka 16, muuguzi wa kliniki yangu, na jirani yetu mzee ambaye miaka ya ujana wake alifanya kazi katika kiwanda cha chai huko Kericho. Mimi nilikuwa mpishi na mwandishi.

Nilinunua chai tatu za rangi: isiyo na kitu, ya tangawizi na ya bergamoti. Za kijani pia zilikuwa tatu: isiyo na kitu, ya limau na ya mnanaa. Nilizimimina katika vikombe vyeupe, nikaviandika A hadi F, na hakuna aliyeambiwa kipi ni kipi.

Jirani yetu ndiye aliyetufundisha kuonja. Kuna kipimo cha kimataifa kilichowekwa mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila sukari. Mwonjaji huvuta chai kwa kijiko kwa kelele ili isambae mdomoni na harufu ipande puani, kisha huitema. Binti yangu alifurahi sana kuruhusiwa kunywa kwa kelele mezani mwa mama yake.

Chai ya rangi isiyo na kitu ilitambuliwa na wote mara moja. Ilikuwa kali, safi, yenye kuamsha. Jirani alisema neno moja tu: "Nyumbani."

Ya tangawizi ilitupa somo la kwanza. Ilipomiminwa, chumba kizima kilinukia. Lakini ilipofika kooni hapakuwa na kile kichomi cha tangawizi. Nilisoma upande wa nyuma wa pakiti, mahali pa herufi ndogo, nikakuta kwamba tangawizi yenyewe ilikuwa kidogo na kilichobaki ni kionjo kilichotiwa kiwandani. Nikachukua kipande cha tangawizi mbichi kutoka soko la Kangemi, nikakiponda, nikakitia katika chai ya kawaida. Wote wanne waliipa hiyo nafasi ya kwanza.

Ya bergamoti iligawanya nyumba. Binti na muuguzi waliipenda, mume wangu alisema inanuka sabuni ya kuogea. Bergamoti ni tunda la jamii ya ndimu na machungwa, na mafuta ya ganda lake ndiyo yanayotoa harufu hiyo. Haina ubaya kwa kiasi. Hata hivyo mwaka 2002 jarida la madaktari la Lancet lilieleza habari za mwanamume wa Austria aliyekuwa akinywa hadi lita 4 za chai hiyo kwa siku, akaanza kupatwa na mikakamao ya misuli. Alipobadilisha na kunywa chai ya kawaida, ilikoma.

Za kijani zilianza vibaya. Nilitumia maji yanayochemka na zote tatu zikawa chungu kama mwarobaini. Jirani alitikisa kichwa. Akaeleza kwamba majani haya hayataki maji makali. Hapa Nairobi, kwa kuwa tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini hata hizo ni nyingi mno kwa chai ya kijani. Niliyaacha maji wazi yapoe hadi nyuzi 80, nikatia majani kwa dakika 2 tu. Ilikuwa kama chai nyingine kabisa: laini, yenye utamu wa mbali, yenye harufu ya majani baada ya mvua.

Nina shaka kwamba wengi wanaosema hawaipendi chai ya kijani hawajawahi kuionja. Wamewahi kuonja iliyounguzwa.

Ile ya limau ilikuwa ya mwisho kwa kila mtu. Binti yangu alisema ina ladha ya peremende. Nilipokamua nusu ya ndimu katika chai ya kijani isiyo na kitu, ikapanda hadi nafasi ya pili. Ya mnanaa ilisifiwa kwa ubaridi wake mdomoni, na hapa majani makavu ya mnanaa yalionekana kwa macho ndani ya kifuko.

Hukumu yetu basi ni hii: kionjo unachokiona kwa macho, yaani jani, ganda, mzizi au mbegu, aghalabu hushinda kile kilichoandikwa tu. Na cha sokoni ni rahisi zaidi.

SUKARI HUFICHA KILA KITU

Tulipomaliza, mume wangu alichoka kuvumilia, akatia vijiko vitatu katika kila kikombe, akaonja upya. Hakuweza kutofautisha A na B. Chai ya tangawizi na isiyo na kitu zilikuwa kitu kimoja, maji matamu yenye rangi.

Jambo hili lilinifikirisha kuliko yote. Tunalipa pesa zaidi kwa ajili ya ladha, kisha tunaizika.

Fanya hesabu nami. Kijiko kimoja cha chai huchukua takriban gramu 4 za sukari. Mtu anayetia vijiko vitatu na kunywa vikombe vinne kwa siku amekula gramu 48 kabla hajagusa soda, mandazi wala mkate. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo faida ya kweli ya chai zenye vionjo ilipo. Tangawizi, iliki, mdalasini au mnanaa hujaza mdomo na pua, na sukari huacha kutamaniwa. Muuguzi wangu alikuwa mtu wa vijiko vitatu. Tangu siku hiyo ametoka vitatu hadi viwili, kisha kimoja, akipunguza nusu kijiko kila wiki. Anasema sasa chai ya ofisini kwa watu wengine humchefua.

Ukinunua chai ya vionjo kwa sababu hii, nakuunga mkono kwa mikono miwili.

CHAI NA SAHANI

Wiki ileile ya mzee wa presha nilimpokea mama mmoja wa Kangemi. Alilalamikia uchovu, kizunguzungu na moyo kwenda mbio akipanda ngazi. Damu yake ilikuwa gramu 8.4, ilhali mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Hakuwa na minyoo wala malaria. Hedhi yake ilikuwa nzito kiasi. Nilipomuuliza chakula, alisema anakula vizuri: sukuma wiki, maharagwe, githeri. Na kila mlo aliuteremshia strungi, kikombe kikubwa.

Mboga na maharagwe yana madini ya chuma, lakini ya aina ambayo mwili huyafyonza kwa shida. Tanini ya chai huyashika madini hayo tumboni, na kikombe kimoja cha chai kali pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji wake kwa zaidi ya nusu. Ya kijani nayo hufanya hivyo. Kutia maziwa hakuondoi tatizo.

Dawa yake ni saa. Maliza kula, ngoja saa moja au zaidi, ndipo unywe chai. Badala ya chai wakati wa mlo, kamulia ndimu mboga zako au kula chungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Na kama umepewa vidonge vya kuongeza damu, usiviteremshe kwa chai kamwe.

Yule mama nilimpa vidonge, nikashughulikia hedhi yake, nikamwomba asogeze strungi hadi saa kumi alasiri. Aliniuliza kama anaweza kubadilisha na ya kijani yenye asali. Nikamwambia abadilishe saa, si pakiti.

USINYWE MOTO

Wengi wetu tunapenda chai itokayo motoni moja kwa moja. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitoa hukumu kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, yamkini husababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Si chai yenyewe. Ni moto wake. Nchini mwetu saratani hii ni miongoni mwa zinazoua watu wengi, na eneo la Bomet limejulikana na madaktari kwa muda mrefu kwa wingi wa wagonjwa wake. Sababu ni zaidi ya moja, tumbaku na pombe zikiwemo, lakini moto ni ile tunayoweza kuiondoa leo bila gharama.

Usiamini ulimi uliozoea. Ukilazimika kupuliza au kuvuta kwa mdomo ulionusu kufunguka, bado ni moto mno. Ngoja dakika chache. Na katika kuonja kwetu, kila kikombe kilisifiwa zaidi kilipopoa kidogo.

AHADI ZA PAKITI

Sasa turudi kwa mzee wetu. Je, chai ya kijani hushusha presha? Ndiyo, kidogo. Utafiti mwingi ukijumlishwa pamoja unaonyesha kwamba huteremsha ile namba ya juu kwa pointi kama 2. Kwa mtu aliye na 182, amebaki na 180. Hiyo si tiba.

Je, hupunguza unene? Mwaka 2012 watafiti wa mtandao wa Cochrane walipima ushahidi wote waliokuwa nao wakaona uzito uliopungua ni mdogo mno, usio na maana kwa afya ya mtu. Kama umepungua baada ya kuanza chai hiyo, yamkini ni kwa sababu uliacha ile yenye sukari na maziwa mengi.

Jihadhari zaidi na vidonge vya chai ya kijani. Mwaka 2018 wakaguzi wa usalama wa chakula barani Ulaya walionya kwamba mtu anayemeza miligramu 800 au zaidi kwa siku ya kiini chake kikuu anaweza kudhuru ini. Chai ya kikombe hawakuiona na hatari hiyo kwa kawaida.

Jihadhari pia na zile ziitwazo chai za kusafisha tumbo. Geuza pakiti, soma. Ukikuta sanamaki, ambayo bibi zetu wa pwani waliijua vyema, fahamu kwamba unanunua dawa ya kuharisha. Ukiitumia kila siku utapoteza maji na chumvi za mwili, na utumbo utazoea kusukumwa. Na ukikuta mzizi wa likorisi nawe una presha, irudishe rafuni, kwani mzizi huo hupandisha presha.

Mama mjamzito apunguze kafeini. Madaktari wengi hushauri isizidi miligramu 200 kwa siku, na kikombe cha chai ya rangi huwa na kama 40 hadi 50. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari wake kabla ya kuanza kunywa chai ya kijani kwa wingi.

NINACHOKUOMBA

Msomaji, sikukatazi chai. Ningekukatazaje, nami naandika haya nikiwa na kikombe mkononi? Nchi yetu inaongoza ulimwenguni kwa kuuza chai ya rangi ng'ambo, na ni aibu kwamba wengi wetu hatujui ladha yake isipokuwa chini ya vijiko vitatu vya sukari.

Nakuomba ufanye nilivyofanya. Jumamosi hii nunua chai mbili tu, moja ya rangi na moja ya kijani, zote zisizo na kitu. Nunua tangawizi, ndimu na kifungu cha mnanaa sokoni. Waite watu wa nyumbani, fumbeni macho, onjeni bila sukari. Itakayowapendeza ndiyo yenu. Inyweni kati ya milo, ikiwa vuguvugu, kwa raha.

Lakini vidonge vya presha, vya kisukari au vya moyo usiviache kwa sababu ya pakiti yoyote, hata ikiwa na picha ya moyo. Kama vinakusumbua, rudi kwa aliyekuandikia, umwambie wazi. Viko vya aina nyingi, na mara nyingi hupatikana kinachokufaa. Nilipomdadisi mzee wangu nikagundua kwamba aliacha vyake kwa sababu vilimvimbisha miguu, naye aliona haya kunieleza. Laiti angalisema, tungalivibadilisha siku hiyohiyo.

Tulivibadilisha. Baada ya wiki sita alirudi na 138 kwa 84, viatu vikimtosha. Bado anakunywa chai yake ya kijani, akiitilia ndimu halisi kutoka sokoni. Anasema ile ya pakiti alimpa kijana wake.